MP3 inapiga nyimbo vizuri ila kompyuta haiisomi? Usifomati kwanza

Dada mmoja wa Ihumwa, hapa Dodoma, kaniandikia hivi:

"Habari za kazi fundi. Nina kale kaMP3 ka SanDisk Clip+ ka kubana kwenye nguo, ni ka siku nyingi ila mpaka leo kanapiga nyimbo vizuri tu. Humo ndani kuna mazoezi ya kwaya yetu, na kuna bibi yangu wa kule Mvumi nilimrekodi akiimba nyimbo za Kigogo, hizo sina kopi sehemu nyingine yoyote. Waya wake ulipotea. Nikitumia waya nilionunua mtaani kwenye laptopu yangu ya Windows 10 kanachaji tu, hakuna kinachotokea. Nikaazima waya mwingine ikaja meseji imeandikwa USB device not recognized, ikapotea. Kompyuta ya ofisini huku Mtumba nayo kimya na huo huo waya wa kuazima, kanachaji tu. Kuna mtu kaniambia nikafomati katarudi sawa. Nifanyeje?"

Nzuri dada yangu. Kwanza kabisa usifomati. Huyo aliyekwambia sidhani kama ana nia mbaya, ndo ushauri unaotembea huku mtaani, simu ikigoma fomati, flashi ikigoma fomati, na mara nyingine kweli kitu kinarudi, ila kinarudi kitupu. Tena jiulize utaifomatia wapi wakati kompyuta yenyewe haiioni? Itabidi uingie kwenye menyu ya hiyo MP3, kwenye Settings kuna sehemu imeandikwa Format, ukibonyeza pale ukakubali, bibi wa Mvumi ndo kaondoka hivyo na tatizo la kompyuta kutoisoma liko pale pale, kwa sababu halikuwa humo.

Nasema halikuwa humo kwa nini? Kwa sababu umeniambia mwenyewe inapiga. Hiyo ndo taarifa ya maana kuliko zote ulizonipa. Mashine ikiwaka, ikaonyesha orodha, ikapiga wimbo mpaka mwisho, ujue memori ni nzima, mafaili yamekaa vizuri, na ile chipu inayoendesha kila kitu iko sawa. Na kwa kuwa inachaji, waya wa moto na wa kurudi wanafika. Kinachobaki ni njia ya data tu, yaani kuanzia kwenye tundu la MP3, kupita kwenye waya, kuingia kwenye tundu la laptopu, hadi kwenye Windows yenyewe na ruhusa zake. Kwenye barua yako we unaona tatizo moja, mi naona matatu tofauti, waya wa mtaani, waya wa kuazima na kompyuta ya ofisini, na ndo maana umezunguka sana bila kufika, unatatua hili lile linabaki unadhani hujafanya kitu.

Tuanze na waya wa mtaani. Ndani ya waya wa kawaida wa USB mnakaa nyaya nne, nyekundu ya umeme, nyeusi ya kurudishia, alafu nyeupe na kijani ndo zinabeba data. Sasa nyaya nyingi za bei ya chini zinazouzwa kwenye meza za vocha na chaji zina mbili tu, nyekundu na nyeusi, kwa sababu aliyetengeneza alijua mnunuzi anataka kuchaji, kwa nini apoteze shaba. Kwa nje huwezi kuzitofautisha, kichwa ni kile kile, rangi ile ile, na wakati mwingine ule wa nyaya mbili ndo mnene na mzuri zaidi. Dalili yake ni hiyo hiyo uliyoieleza, MP3 inachaji, kompyuta haitoi hata mlio. Sikiliza vizuri hapo, fungua sauti ya laptopu, ukichomeka kitu chochote chenye data Windows inatoa mlio mdogo, hata kama kitu chenyewe kibovu. Ukichomeka na hakuna mlio wala meseji, waya wa data haupo au umekatika. Huo weka pembeni, utautumia kuchajia.

Waya wa kuazima ni habari nyingine. Ile meseji ya not recognized wengi inawatisha ila mi nikiiona nafurahi kidogo, maana waya wa chaji tupu hauwezi kuileta. Inakuja pale kompyuta imehisi kuna mgeni kwenye nyaya za data, ikamuuliza we nani, jibu likaja bovu au halikuja. Kwa hiyo huo waya una nyaya zote nne na MP3 yako bado inajaribu kuongea. Hapo tunatafuta kitu kinachokatakata mazungumzo, na wahusika wa kawaida ni uchafu kwenye tundu, pini iliyolegea, betri iliyoisha kabisa, au tundu la laptopu lisilotoa umeme wa kutosha.

Usijaribu tena kabla hujaangalia tundu la MP3. Clip+ inatumia mini-USB, lile tundu la zamani nene kidogo kuliko la simu za micro. Izime, washa tochi ya simu, imulike kwa ubavu usiimulike moja kwa moja, utaona kilimi cheusi katikati na juu yake vijipini vitano vya rangi ya dhahabu vimepangana. Sasa huku kwetu kiangazi chote upepo unapuliza vumbi jekundu, na wewe MP3 yako inakaa mfukoni au imebanwa kwenye nguo, lile vumbi linachanganyika na manyoya ya kitambaa linashindiliwa kila ukichomeka waya, mpaka kule ndani linakuwa bamba gumu la kijivu. Waya unaingia, unahisi umefika, kumbe umebaki kidogo. Na hapa kuna kitu watu hawakijui, kwenye plagi ya USB pini za umeme ziko pembeni na za data ziko katikati, na kwenye plagi kubwa ile ya upande wa kompyuta zile za umeme ni ndefu zaidi, zinatangulia kugusa. Ndo maana waya ambao haujaingia mpaka mwisho unaweza ukachaji bila data kupita, na mtu anaapa tundu liko safi kwa sababu chaji inaingia.

Safisha na kijiti cha meno cha mti, kichonge kiwe bapa, pitisha taratibu pembezoni ukitoa nje, usisukumie ndani. Usitumie sindano wala pini ya nguo, inakwaruza na inaweza kuunganisha pini mbili. Usipulize na mdomo, mate yanaingia. Kama una lile puto la kupulizia lensi za kamera ni zuri sana. Pini zikiwa zimefifia rangi, spiriti kidogo kwenye kijiti, alafu acha ikauke kabisa kabla ya kuchomeka chochote. Kuna mafundi wanatumia petroli na wengine tina ya kuchanganyia rangi, kwenye bodi tupu wanajua wanachofanya, ila wewe usimwage tina kwenye kitu cha plastiki, inakula.

Ukishasafisha, ingiza waya uone unakaaje. Ukicheza kushoto kulia kama jino bovu na alama ya chaji inawaka na kuzima, tundu limelegea kwenye bodi, nitalirudia hilo huko chini. Ukikaa imara, endelea.

Chaji kwanza. Iache kwenye kichwa cha chaji cha simu au kwenye laptopu hata na ule waya wa mtaani mpaka ijae, maana betri ikiwa chini sana mashine nyingi za aina hii zinakubali umeme ila hazina nguvu ya kuamka na kuongea na kompyuta. Alafu irestati, shikilia swichi ya kuwashia kama sekunde 20 hivi, itazima, iache kidogo, iwashe upya. Hiyo haifuti kitu. Ikiwaka ikaandika inarefreshi media iache imalize, inahesabu nyimbo, usichomoe katikati.

Sasa tundu la laptopu. Chomeka moja kwa moja, achana na zile habu za kugawanya matundu, hasa zisizo na umeme wake. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa mpaka miliampea 500, ila ukipita kwenye habu isiyo na adapta kila tundu linaweza kubaki na miliampea 100, hiyo ni ndogo kwa mashine inayotaka kuchaji na kuongea kwa wakati mmoja. Kama una kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, yale ya mbele yanaunganishwa na kiwaya cha ndani ambacho mara nyingi kimelegea. Na laptopu yako ikiwa na tundu la buluu na jeusi, jaribu jeusi kwanza. La buluu ni USB 3, kwa kanuni linatakiwa kukubali vitu vya zamani, ila vitu vya umri wa MP3 yako vingine vinasumbuana nalo bila sababu ya kueleweka.

Waya mzuri wa mini-USB siku hizi kuupata madukani ni kazi, kila mtu ana Type-C. Usihangaike kuzunguka Majengo siku nzima, ulizia kwa mtu mwenye kamera ya dijitali ya zamani, wapiga picha wa pasipoti wanazo nyingi kabatini, au hadi disk za nje za zamani, au nenda kwenye kibanda cha magemu omba waya wa pedi ya PlayStation 3. Ile pedi ni mini-USB na inahitaji data ili iunganishwe na mashine yake, kwa hiyo waya wake wa asili unao nyaya zote nne. Vijana wa magemu watakucheka kidogo ila watakuazima.

Hapo wengi wanapona. Ukiwa bado, sasa ndo tunaingia ndani ya mipangilio, na Clip+ ina jambo lake ambalo limewatesa watu duniani kote. Kwenye menyu yake nenda Settings, alafu System Settings, utakuta USB Mode, kuna Auto Detect, MTP na MSC. Hizi ni namna mbili za kuonyesha vilivyomo. MSC mashine inampa kompyuta ufunguo wa stoo, ingia mwenyewe chukua. MTP ni duka la dirishani, unataja unachotaka muuzaji anakuletea, wewe huingii. Ikiwa kwenye MSC inatokea kama flashi, ina herufi yake E au F. Ikiwa kwenye MTP haina herufi, inatokea kwenye This PC kama kifaa chenye jina, na ili itokee Windows inahitaji vipande vya programu za media viwe vimekamilika. Kuna Windows zinaitwa N, mfano Windows 10 Pro N, hizo zimetoka bila hivyo vipande, na baadhi ya laptopu zinazoingia zikiwa mtumba kutoka Ulaya zinaweza kuja nazo. Fungua Settings ya laptopu, System, About, soma jina la Windows, kama lina herufi N mwisho basi MTP haitaenda mpaka uweke kitu kinaitwa Media Feature Pack. Ila kwa wewe njia fupi ni kuweka MSC kisha uchomeke upya, huhitaji kuweka kitu chochote.

Lakini shika hili, kwenye hizi Clip mafaili yaliyoingizwa kwa MTP ukifungua kwa MSC kwenye kompyuta huwezi kuyaona, na kinyume chake. Yapo, mashine yenyewe inayapiga, ila kompyuta haionyeshwi. Watu wakifungua wakaona folda tupu wanapiga kelele nyimbo zimefutika, wanaingiza nyingine juu, wanaharibu. Ukiona pako pungufu chomoa, badilisha mode, chomeka tena, angalia upande wa pili. Kopi vya kila upande.

Kama imekataa bado, bonyeza kulia kwenye alama ya Windows kule chini, chagua Device Manager, iache wazi, alafu chomeka MP3 huku unatazama. Ile orodha itajirefreshi. Angalia sehemu tatu, Disk drives, Portable Devices, na Universal Serial Bus controllers kule chini. Kitu kikitokea na kipembetatu cha njano bonyeza kulia, Properties, alafu Details, kwenye ile orodha ya kushuka chagua Hardware Ids. Hapa ndo kompyuta inasema ukweli wake. Ukiona VID_0781, hiyo ni namba ya SanDisk, maana yake MP3 imejitambulisha vizuri kabisa, nyaya nzima, tundu zima, shida ni Windows na draiva, yaani ile programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Ukiona VID_0000 na PID_0002, maana yake mgeni hakuweza hata kutaja jina, rudi kwenye waya, uchafu na tundu, usipoteze muda na draiva. Mi ningeweza kukwambia ushushe draiva hizi na zile kama wanavyofanya wengi, kuna na hizo programu za kusasisha draiva zinazotangazwa kila ukurasa, nyingi ni takataka na zingine zinakuletea virusi. Hii mashine haina draiva ya kushusha. Draiva zake zimo kwenye Windows tangu zamani.

Ikiwa ni ile 0781, bonyeza kulia kwenye kile chenye alama ya njano, Uninstall device, kubali. Usiogope, hiyo inafuta kumbukumbu ya Windows kuhusu kifaa, haigusi nyimbo. Chomoa MP3 alafu bonyeza Restart. Nasema Restart siyo Shut down, kwa sababu tangu Windows 8 ukizima laptopu kawaida haizimi kabisa, inahifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka, na ile hitilafu inaamka nayo kesho. Restart ndo inaanza upya kweli. Ikishawaka chomeka, isubiri ijipange.

Kama inatokea kwenye Disk drives ila kwenye This PC haipo, basi haijapewa herufi. Bonyeza kulia alama ya Windows tena, Disk Management, utaiona kwa ukubwa wake, Clip+ ni za GB chache tu kwa hiyo huwezi kuichanganya na disk ya laptopu, bonyeza kulia kwenye ile sehemu yake, Change Drive Letter and Paths, Add, mpe herufi ya mbali kama T. Kwenye hiyo dirisha kuna maneno Initialize na Format yako karibu karibu, mkono usiteleze. Na ikitokea popote pale boksi linasema You need to format the disk before you can use it, bonyeza Cancel. Hata ikirudi, Cancel.

Sasa ofisini. Hapo nakwambia bila hata kuiona hiyo kompyuta, kwa mazingira yako inawezekana kabisa haina tatizo. Maofisi mengi, ya serikali na hata mabenki, watu wa TEHAMA wanafunga flashi na disk za nje makusudi ili mafaili yasitoke na virusi visiingie. Wakifunga, kuchaji kunaendelea kama kawaida kwa sababu umeme haufungwi, panya na kibodi vinafanya kazi, ila kitu chochote cha kuhifadhi kinapuuzwa bila hata meseji. Jaribu kwa flashi ambayo una uhakika nayo, ikigoma na yenyewe umepata jibu. Mtandaoni utakuta maelezo ya kubadili namba fulani kwenye rejista ya Windows ili ufungue, achana nayo kabisa, ni kompyuta ya mwajiri na kikwazo kimewekwa kwa sababu, utajiingiza kwenye maelezo ya maandishi kwa ajili ya nyimbo. Hiyo ya ofisini itoe kwenye hesabu.

Na wala usikimbilie steshenari kujaribu. Najua ndo kompyuta iliyo karibu na kila mtu, ila zile zinapokea flashi za watu wote kutwa, na kile kirusi cha shotikati kinaishi huko. Ukikipata, folda zako zote zinageuka kuwa shotikati za KB chache, mafaili halisi yanafichwa. Ikitokea hivyo napo usifomati, kwenye kompyuta safi yenye antivirasi fungua Command Prompt, kama MP3 ni herufi T andika attrib -h -r -s /s /d T:\*.* kisha Enter, yatarudi kuonekana, alafu futa zile shotikati. Lakini bora usifike huko.

Kompyuta ya kujaribia iliyo bora ni ya mtu yeyote mwenye Ubuntu, ule mfumo unaotumika badala ya Windows. Una ndugu anasoma CIVE, koleji ya mambo ya kompyuta pale UDOM? Wale wanazo. Muombe achomeke alafu aandike lsusb, akiona mstari wenye 0781 MP3 yako nzima na Windows yako ndo ina kesi, na anaweza kukukopia hapo hapo. Hata simu yako ya Android inaweza, ukiwa na kile kiadapta cha OTG, cha kuchomekea flashi kwenye simu, na simu inayokubali, weka MP3 kwenye MSC, chomeka, simu itaileta kama flashi kwenye programu ya mafaili. Watu wanaisahau hii njia na ndo rahisi kuliko zote.

Wenye iPod za zamani wanaosoma hapa, yenu ni tofauti kidogo. iPod classic shikilia Menu na kile kitufe cha katikati mpaka itokee tufaha, alafu haraka shikilia katikati na Play, itaingia Disk Mode. Ila kama ilifomatiwa kwenye Mac, Windows haitaisoma hata mkeshe, tafuta Mac. Na msikubali iTunes ikisema Restore.

Turudi kwako dada. Ikifunguka, siku hiyo hiyo ingia kwenye folda la rekodi, mara nyingi linaitwa RECORD, na ufanye kopi, usifanye kati (Cut), maana ukifanya kati na waya ukacheza katikati unaweza kukosa huku na kule. Kopi kwenye laptopu, alafu fungua moja moja usikilize mwanzo, katikati na mwisho, siyo kuangalia jina la faili tu ukaridhika. Alafu kopi nyingine kwenye flashi, na nyingine uweke kwenye Google Drive au umtumie ndugu kwa WhatsApp kama dokumenti, usitume kama sauti ya kawaida. Rekodi za hizi mashine nyingi ni WAV kwa hiyo ni nzito, tafuta bando la usiku.

Na isipofunguka kwa lolote? Basi bado haijafa hiyo habari, kwa sababu inapiga. Kitu kinachopiga kinarekodiwa. Nunua waya wa AUX wenye pini mbili, upande mmoja kwenye tundu la hedifoni la MP3, upande wa pili kwenye kompyuta ya mezani, lile tundu la buluu nyuma ndo la kuingiza sauti, la pinki ni la maiki, la kijani ni la kutoa usichomeke hapo. Laptopu yenye tundu moja tu itahitaji kiadapta cha kugawa maiki na hedifoni. Weka programu ya Audacity, ni ya bure, weka sauti ya MP3 katikati isiwe juu sana, bonyeza rekodi, piga nyimbo ya bibi, tazama yale mawimbi, yakigonga juu na chini kabisa mwa boksi sauti itachanika, punguza rudia. Inaenda kwa muda ule ule wa wimbo, saa moja ya rekodi ni saa moja ya kukaa, ubora unapungua kidogo sana na kwa sauti ya mtu anaimba na zeze huwezi kusikia tofauti. Kwa kweli kwa rekodi kama za bibi mi ningefanya hii hata leo jioni, kabla ya kugusa tundu wala kijiti cha meno, alafu hayo mengine uyafanye na roho iliyotulia.

Hilo la tundu lililolegea nilisema nitarudi. Ukienda kwa fundi mwambie maneno haya haya, tundu la chaji limelegea, pini za data hazishiki, nataka zichomewe upya au tundu libadilishwe, na memori isiguswe. Usimwambie "haisomi" tu, ukisema hivyo anaweza kuichukulia kama simu akaanza kuiflashi, yaani kuiwekea programu yake upya. Muulize anatumia kichomeo cha ncha au upepo wa moto. Bodi ya Clip+ ni ndogo sana, chipu ya memori imekaa karibu na kila kitu, fundi akipuliza moto wa upepo bila kuifunika anaipika. Kama hana ncha nyembamba na kioo cha kukuzia, mshukuru uondoke. Na ukae pale pale akifanya, akimaliza achomeke kwenye kompyuta yake mbele yako, usikie ule mlio, kabla hujatoa hela.

Ukifika kwenye Hardware Ids niandikie ile namba uliyoikuta, na jina kamili la Windows yako, nitakwambia pa kwenda.